Kurasa za Kijivu

Georgina Rutashobya ana mashine mbili za kutoa kopi, na hakuna hata moja inayojua rangi. Moja aliinunua mpya mumewe akiwa bado hai. Ya pili aliipata kwenye mnada wa ofisi moja kule Muleba, ikiwa na mguu mbovu aliouwekea tofali. Duka lake liko Bukoba mjini, hatua chache kutoka lango la chuo cha uuguzi, na juu ya mlango kuna neno STESHENARI alilolichora kwa mkono wake, linaloanza na herufi kubwa na kuishia na ndogo kwa sababu ubao ulikwisha kabla ya neno. Wanafunzi wamemcheka kwa hilo miaka kumi na mitano, naye hucheka nao.

Si mwanamke mbaya. Tulimalize hilo mapema, maana habari yenyewe itakuja kumsema vibaya bila msaada wetu. Mwanafunzi akipungukiwa, Georgina humtolea kopi kwanza, malipo baadaye. Msichana akifika chuoni mara ya kwanza na sanduku kichwani, hajui hata mahali pa kula, Ma Georgina ndiye atakayemwonyesha mama lishe anayepika katogo ya ndizi na maharage, ya kushibisha. Kila mwaka, darasa linapohitimu, humletea kipande cha keki kwenye karatasi laini. Na yeye huwaambia wote, bila aibu yoyote, kwamba yeye ndiye aliyewasomesha.

Kwa namna fulani ni kweli. Vitabu vya uuguzi vina bei ya kumfanya mzazi akae chini. Kwa hiyo Georgina ana rafu juu ya mashine, na kwenye rafu ana vitabu halisi kumi na kitu, kila kimoja ndani ya mfuko wa nailoni. Anaviita mama. Mwanafunzi anataja jina la kitabu, Georgina anashusha mama, na jioni mwanafunzi anaondoka na mtoto: rundo la karatasi lililobanwa kwa ringi nyeusi ya plastiki, na karatasi ngumu ya bluu kama jalada. Hivyo ndivyo nusu ya wauguzi wa mkoa huu walivyosoma.

Jambo moja la kazi hiyo inabidi ulijue. Mtoa kopi hasomi. Anaangalia pembe za karatasi zisipinde, anaulaza ukurasa kifudifudi juu ya kioo, anafunika, anabonyeza, anafunua. Upande wenye maneno haumtazami yeye. Kitabu kikubwa cha afya ya watoto wachanga Georgina amekitoa kopi mara zisizohesabika, na ukimwuliza kina nini ndani atakuambia kina kurasa mia nne na kumi na mbili, na kwamba ya mwisho imekatika pembe.

Katika kitabu hicho kulikuwa na ukurasa mmoja uliokuwa ukitoka vibaya siku zote. Juu yake vilitoka vipicha saba vya mviringo, safu mbili, vyote kijivu. Chini ya vipicha kulitoka pande jeusi tii, refu kama kidole, lisiloonyesha hata herufi moja. Mwanafunzi mmoja tu katika miaka yote hiyo ndiye aliyelirudisha. Aliitwa Dativa, msichana mwembamba wa Kanazi, mwenye tabia ya kuuliza.

"Ma Georgina, hapa palikuwa na nini?"

Georgina aliiangalia ile karatasi kwa mbali, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye kifuniko cha mashine.

"Hapo hakuna kitu, mwanangu. Ni wino tu umemwagika."

Dativa akashukuru, akaenda zake.

* * *

Mwaka huohuo, Dativa akiwa mwaka wa kwanza chuoni, mkuu wa taaluma wa chuo, Ta Byabato, aliingia dukani asubuhi akiwa na bahasha kubwa ya kaki na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa mzee mpole, mwenye koti moja la kila siku, na hakuwa na kawaida ya kuketi. Siku hiyo aliketi.

"Ma Georgina, serikali imeiondoa kodi ya VAT kwenye vitabu vya vyuo," alisema. "Lakini wametupa masharti. Chuo kiagize kwa pamoja, kila mwanafunzi aweke sahihi yake mwenyewe kwamba kitabu ni cha kusomea na si cha biashara, na orodha imfikie wakala wa vitabu Mwanza kabla ya mwezi kwisha. Kodi ikitoka, na wakala akitupunguzia kwa kuwa tuko wengi, hata mtoto wa mkulima wa kahawa ananunua kitabu halisi. Cha rangi! Sitini na watatu wameshasaini."

"Hongera sana, waitu," alisema Georgina, na alimaanisha. Halafu akamtazama tena. "Na mimi naingiaje katika hilo?"

"Wewe kila Jumanne unatuma mikebe yako ya wino Mwanza kwa basi ikajazwe. Makondakta wote unawajua. Nitumie na hii. Posta siiamini, na mtu mwingine simwamini kuliko wewe."

Akaacha bahasha juu ya kaunta, akatoka. Georgina akabaki anaitazama. Nje, wanafunzi wawili walikuwa wakipita wakizungumza kwa furaha juu ya vitabu vipya, mmoja akisema kumbe ni ile kodi tu iliyokuwa inatumaliza.

Aliiweka bahasha chini ya katoni ya wino isije ikalowa. Hilo ndilo alilojiambia, na kwa siku ya kwanza lilikuwa kweli. Jumanne ikafika. Alifunga mikebe yake, akaandika anwani, akaenda stendi, akarudi, na bahasha ilikuwa bado chini ya katoni. Aliona kwamba ameisahau. Aliona pia kwamba hakuisahau. Alifikiria mashine ya pili iliyokuwa inadai ukarabati, akamfikiria binti yake Hellen aliyekuwa ameshachumbiwa na mwalimu wa Kamachumu, na akafikiria rafu ile ya akina mama ndani ya nailoni, wamekaa tu, hawaitwi na mtu. Wakinunua halisi, nani atakuja kwake? Atauza kalamu?

Hakuichana. Hakuichoma. Angefanya hivyo angejijua ni mwizi, na pengine angetubu Jumapili ile ile kanisani. Alichofanya ni kukaa nayo. Siku nane alikaa nayo, na kila siku ilikuwa nyepesi kuliko ya jana yake. Tarehe mbili ya mwezi uliofuata aliipeleka stendi kwa heshima zote, akamsisitizia kondakta isikunjwe.

Jibu lilikuja wiki ya pili. Orodha imefika nje ya muda. Ta Byabato alikuja kulisoma dukani, amesimama.

"Mabasi ya siku hizi," alisema.

"Mabasi ya siku hizi," alisema Georgina.

Wote sitini na watatu walikuja kwa ajili ya kopi. Mashine zilinguruma mpaka kuta zikapata joto. Kwa mapato ya mwezi ule Georgina alimfanyia Hellen sherehe ya kuagwa iliyozungumzwa mtaani kwa muda mrefu, yenye viti vya vitambaa vyeupe na mshereheshaji aliyeletwa kutoka mbali. Alicheza mpaka viatu vikamshinda. Watu walisema mama mjane huyu ana moyo, na yeye akawaamini.

* * *

Miaka mitatu baadaye Hellen alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Josia. Chuo kilikuwa likizo. Georgina akafunga duka, akaenda Kamachumu kumtunza mzazi kama mama yeyote anavyofanya, na alikuwa na furaha ya kumsumbua kila abiria aliyeketi karibu naye.

Mtoto alikuwa mzuri, mnene, ananyonya kama aliyeahidiwa tuzo. Ila alikuwa na manjano kidogo kwenye macho. Siku ya kumi na sita walimpeleka zahanati, na aliyekuwa zamu, mwenye gauni jeupe na saa kifuani, alikuwa Dativa wa Kanazi.

"Ma Georgina!" Alimkumbatia mbele ya akina mama wote waliokuwa wamepanga foleni. "Jamani, huyu ndiye aliyenisomesha. Bila kopi zake nisingekuwa hapa."

Georgina alijisikia mkubwa kama kanisa. Dativa alimpima mtoto, akamfungua macho kwa kidole gumba, akasema manjano ya watoto ni ya kawaida, wamwoteshe jua la asubuhi. Wakamwotesha. Mkwe, Mwalimu Mwijage, alikuwa ameanika kahawa uani kwenye jamvi, na pembeni ya kahawa wakatandika khanga, na mtoto akalazwa hapo kila siku saa mbili, amevuliwa nguo, kahawa upande huu na yeye upande ule. Jirani waliopita walitania kwamba kahawa na mtoto vitakauka pamoja.

Manjano hayakukauka. Yalishuka kutoka machoni yakaja shingoni, yakaingia kifuani.

Kufua nepi ilikuwa kazi ya Georgina, na katika kufua ndimo kitu cha kwanza kilipomgusa. Alikuwa amelea watoto wanne wa kwake na wa ndugu wengi, na alijua nepi. Nepi ya choo ndiyo inayokusumbua. Unasugua, unaanika, doa la manjano linabaki. Nepi ya mkojo unaisuuza tu. Za Josia zilikuwa kinyume. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi, ukakataa kutoka kwenye kitambaa. Choo chake kilikuwa chepesi kwa rangi, kama udongo mkavu uliobanduka ukutani, na kikigusa maji kinaondoka chote, nepi inabaki safi kama haijavaliwa. Siku moja aliinua nepi mbili juani, moja huku na moja kule, akasimama nazo muda mrefu bila kujua anatafuta nini.

"Hellen, twende tena kwa Dativa."

Ilikuwa siku ya thelathini na nne. Dativa hakudharau. Aliiangalia nepi waliyomletea, akaenda kwenye rafu, akashusha rundo la karatasi lenye jalada la bluu na ringi nyeusi. Georgina aliitambua kazi yake kabla haijafunguliwa. Dativa akafunua mpaka kwenye ukurasa wa vipicha saba, akaweka nepi kando yake, akainama.

Walikaa hivyo wote watatu, vichwa vimekaribiana. Vipicha vilikuwa kijivu. Cha kwanza kijivu, cha nne kijivu, cha saba kijivu kilichozidi kidogo. Chini yake lile pande jeusi.

"Mwalimu alituambia hatari ni choo kikiwa cheupe," Dativa alisema taratibu. "Cheupe kabisa, nilivyoelewa mimi. Hiki si cheupe, Ma. Kina umanjano kwa mbali. Sijawahi kumwona mtoto mwenye tatizo hilo, lakini huyu ananyonya, anaongezeka uzito. Endeleeni na jua."

Hellen akapumua kwa nguvu, akacheka, akamfunga mwanawe mgongoni. Georgina naye akacheka. Walirudi nyumbani wakanunua senene, wale panzi wa kukaanga, njiani, maana msimu ulikuwa umefika, na jioni hiyo nyumba nzima ilinukia. Lakini asubuhi alipochuchumaa mbele ya beseni, rangi ya nepi ilikuwa ileile.

* * *

Chuo kilipokaribia kufunguliwa, mtoto akiwa na siku hamsini na mbili, Georgina alirudi Bukoba. Alimwacha Josia amenenepa na tumbo gumu kidogo upande wa kulia. Kila jioni alipiga simu. Anaendeleaje? Yupo vizuri, mama. Macho? Yaleyale. Alikuwa akikata simu na kukaa kwenye kiti chake kati ya mashine mbili, akitazama lango la chuo bila kuliona.

Darasa jipya likaanza kuja. Siku ya sitini na saba ya mtoto yule, wasichana watatu waliingia asubuhi wakiwa wamechangishana, wakataka kitabu kikubwa cha watoto wachanga, sura ya tano hadi ya tisa. Georgina akamshusha mama kutoka kwenye nailoni. Akaanza. Laza, funika, bonyeza, funua. Alikuwa amefika ukurasa wa mia mbili na kitu mashine ilipokwaruza, karatasi ikakwama ndani. Si jambo la ajabu. Akafunua kifuniko, akaondoa kitabu kwenye kioo, na kwa kuwa mikono yote miwili ilitakiwa kwenye mashine, akakiweka mapajani. Kilikaa chali.

Akavuta karatasi iliyokwama. Akainamisha macho.

Vipicha vilikuwa vya rangi. Vilikuwa saba, kila kimoja na rangi yake, na vitatu vya juu vilikuwa vimezungushiwa mstari mwembamba wa manjano usiotokea kwenye kopi. Cha kwanza cheupe kama chokaa. Cha tatu hakikuwa cheupe. Kilikuwa rangi ya udongo mkavu uliobanduka ukutani, wenye umanjano kwa mbali, na Georgina alikuwa ameifua rangi ile kwa mikono yake kwa wiki kadhaa. Vinne vya chini vilikuwa manjano, haradali na kijani, vile vya watoto wengine wote aliowahi kuwalea.

Na chini ya vipicha lile pande jeusi halikuwa jeusi. Lilikuwa sanduku jekundu, jekundu la kuwaka, na ndani yake kulikuwa na maneno yaliyopigwa kwa wino mzito. Mashine yake haikuwahi kulijua jekundu lile ila kama giza. Georgina alisoma mpaka kidato cha nne, na Kiingereza cha kitabu kile kilikuwa kigumu, lakini hakikuwa kigumu kiasi hicho. Kilisema mtoto aliyepita siku kumi na nne na bado ana manjano, na choo chake ni cha rangi yoyote kati ya hizi tatu, apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Kilisema njia ya nyongo imeziba. Kilisema upasuaji hufaa zaidi kabla ya siku sitini, na kila siku inayozidi ini linaharibika.

Aliyasoma mara mbili. Wasichana walimwona akihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ma, kuna nini?" mmoja aliuliza.

Alirudisha macho kwenye ukurasa. Hapo hakuna kitu, mwanangu. Ni wino tu umemwagika. Sauti ilikuwa yake, na aliisikia vizuri kabisa kupita mngurumo wa mashine iliyokuwa inaendelea peke yake bila karatasi.

* * *

Georgina alipiga simu Kamachumu, na kesho yake asubuhi walikutana Muleba, kando ya barabara ambako mabasi ya Mwanza hupita. Hellen alikuwa na mtoto kwenye khanga na begi moja. Mwijage alibaki Kamachumu kutafuta fedha za kuwafuata nazo. Dativa alikuwa amekuja pia, kwa ruhusa au bila ruhusa hakuna aliyeuliza, na gauni lake jeupe lilikuwa limekunjamana. Alikuwa amekwishampigia daktari wa Mwanza, amekwishaandika barua ya rufaa, na alikuwa amelia.

"Kosa ni langu," alikuwa akisema. "Nilikuwa na kitabu mkononi. Kitabu nilikuwa nacho mkononi, Ma."

Georgina alikitoa kile kitabu mama kwenye nailoni, akafungua ule ukurasa, akamwonyesha. Alidhani anamwondolea mzigo. Dativa aliangalia vipicha, akaliangalia sanduku jekundu, akasoma. Kisha akainua macho, na hakuwa analia tena.

"Hapa ndipo nilipokuuliza," alisema. "Ulisema hakuna kitu."

Basi lilifika. Kondakta alimjua Georgina, akamsalimia kwa jina, akachukua begi kwa haraka, akawapa viti vya mbele. Dativa alibaki kando ya barabara. Hakupunga mkono.

Waliondoka, migomba ikirudi nyuma pande zote mbili. Josia alikuwa amelala kwenye bega la mama yake upande wa Georgina, na kwa mwanga wa asubuhi ngozi yake ilikuwa rangi ya shaba, mpaka kucha. Georgina aliweka mkono mgongoni pake. Alikuwa wa moto. Alikuwa akipumua upesiupesi, pumzi ndogondogo, kama mtu anayewahi mahali.

Hellen aliongea bila kugeuka, akitazama barabara.

"Mama, hivyo vitabu vya rangi. Dativa na wenzake, kwa nini hawakuwa navyo?"

"Vilikuwa ghali, mwanangu."

"Mbona ameniambia mwaka wao kodi iliondolewa? Amesema walisaini wote, hata yeye. Alisaini, anakumbuka kalamu aliyosainia. Amesema orodha ilichelewa kwa ajili ya basi."

Georgina angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Mabasi ya siku hizi. Kondakta mwenyewe alikuwa mbele yao, amewapa mgongo, akichana tiketi, na asingejua kamwe kwamba yeye na wenzake wamebebeshwa jambo hilo miaka mitatu. Alimtazama mjukuu wake. Akaona kwamba akilisema hilo sasa, atakuwa amefanya tena kile alichofanya, naye mtoto akiwa mikononi mwao.

"Haikuwa basi," alisema. "Bahasha ilikuwa kwangu. Nilikaa nayo."

"Kwa nini?"

"Ili waje watoe kopi. Ndizo zilizokufanyia sherehe."

Alingoja Hellen apige kelele. Angeshukuru kama angepiga. Hellen alimwondoa Josia taratibu kwenye bega la upande wa Georgina, akamhamishia bega la upande wa dirishani, akamfunika kichwa kwa ncha ya khanga. Mkono wa Georgina ukabaki hewani kidogo, halafu akauweka juu ya kitabu. Mbele yao safari ya Mwanza ilikuwa bado ndefu, na mtoto alikuwa na siku sitini na nane.